U ya Tatu

Enzi zetu, sisi tuliokuwa watoto pale Same wakati Uhuru ukiwa njiani, mji ulikuwa mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya karibu na stesheni, mtu wa sokoni anakuitikia "afya." Wenzangu wa rika langu mnaukumbuka upepo ule. Ulianza kama saa nne asubuhi, ukabeba vumbi jekundu na kulimwaga kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye uji, hata kwenye masikio ya walimu. Tulitoka shule wote tukiwa rangi moja, na mama zetu walitutambua kwa sauti.

Akina mama wa Suji, kule milimani, walishuka na ndizi, miwa na tangawizi vichwani, na ukiwasogelea ulinusa baridi ya huko juu, ile harufu ya majani mabichi na moshi. Tulicheza rede mpaka mpira wa matambara ukafumuka. Tulicheza mdako kwa kokoto za relini. Tukichoka, tulirudi kwenye makande ya mahindi na maharage, na makande ya wakati ule hayakuwa chakula cha haraka. Yalibandikwa jikoni asubuhi, yakaiva jioni, na siku nzima mtu mmoja alikuwa na kazi ya kuchochea moto. Wajukuu zangu leo wakisubiri chai ichemke wanashika kichwa kama waliofiwa.

Baba yangu alikuwa mpanga herufi. Nikiwaambia vijana hivyo, wanadhani alikuwa mwalimu wa chekechea. Alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha chapa karibu na stesheni, chumba kimoja chenye mtambo mweusi wa chuma, makabati ya droo, na harufu ya wino na mafuta ya taa iliyomfuata baba mpaka kanisani. Mwenye kiwanda alikuwa mzee wa Kihindi ambaye watoto tulimwita Babu Miwani, kwa sababu alikuwa na miwani mbili, moja puani na nyingine juu ya paji la uso, na mara nyingi aliitafuta ya tatu. Mtu wa tatu pale alikuwa Nambole, Mmakonde mwenye chale usoni, aliyekuja kukata mkonge akiwa kijana na baadaye akaacha mashamba kuja kuzungusha gurudumu la mtambo. Alilala kwenye stoo ya nyuma. Mabaki ya karatasi yaliyokatwa pembeni hakuyatupa. Aliyafunga mafungu mafungu na kutugawia watoto tukatengenezea tiara. Tulimwita baba mdogo, ingawa hakuwa na ndugu hata mmoja Upareni.

Sasa niwaambie kuhusu herufi zenyewe. Zile ndogo za risiti na kadi zilikuwa za risasi, hazikuwa na mvuto kwangu. Lakini kwenye droo ya chini kabisa zilikaa herufi kubwa za mbao, kila moja ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, zilizotoka Ulaya au Amerika huko, hakuna aliyejua vizuri. Zilikuwa herufi za madaha. Miguu yake ilitanuka chini kama mtu aliyevaa buti, kiuno chembamba, na tumboni palichongwa majani yaliyojikunja. Gari la sinema lilikuwa limepita Same na kutuonyesha makauboi wakitembea kwa maringo, basi sisi watoto tukaziita herufi za buti. Baba naye akaanza kuziita hivyo. Zilitumika kwa mambo makubwa tu: mnada, dansi, mechi ya mpira. Bango likiandikwa kwa herufi za buti, hata asiyejua kusoma alisimama.

"Kila herufi ina kitanda chake," baba alizoea kusema. "Ukiiamsha, hakikisha unairudisha ilale."

E zilikuwa tano au sita. U zilikuwa tatu tu. Huko zilikotengenezwa, nadhani, watu hawakuwa na shida sana na U.

Mimi ndiye Upendo, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na niliamini kwamba ile herufi ya kwanza ya jina langu, yenye buti mbili na majani tumboni, ilitengenezwa kwa ajili yangu. Wiki chache kabla ya Uhuru mvua za vuli zilinyesha, na nyuma ya nyumba yetu pakawa na tope laini, zuri kama unga uliokandwa. Siku moja nilimpelekea baba chakula cha mchana. Yeye akawa nje anazungumza na mteja, Nambole amekwenda kuteka maji, Babu Miwani anasinzia. Nikavuta droo. Niliichukua U moja, nikaifunga kwenye kanga iliyokuwa imefunika bakuli, nikatoka nikiwa na moyo unaogonga kama treni kwenye daraja.

Nilikusudia kuirudisha kesho yake. Ninaapa.

Alasiri ile niliwaita wenzangu watatu, tukaigandamiza kwenye tope mara hamsini. U, U, U, mpaka uani pakaonekana kama wamepita farasi. Wenzangu walinitazama kwa heshima niliyokuwa sijawahi kuipata. Tulipomaliza niliiosha, nikaiweka juu ya lundo la kuni ikauke, kisha nikaitwa kwenye mchezo wa kombolela. Mtoto akiitwa kwenye kombolela anasahau hata jina lake.

Niliporudi, mama alikuwa anachochea makande. Alikuwa amezoa kuni mkono mzima kwenye lile lundo, kama siku zote, bila kutazama. Mama hakujua kusoma wakati ule. Hata kama angeiona, angeona kipande cha ubao tu. Nilichungulia chini ya chungu nikaona buti moja imebaki, inawaka taratibu kuanzia kisigino.

"Una nini?" mama aliniuliza. "Mbona umesimama kama mlingoti?"

"Moshi," nilisema.

Nilikula yale makande. Mpaka leo sijui niliyamezaje.

Siku nne au tano zilipita, nikaanza kujidanganya kwamba hakuna atakayegundua. Halafu ikaja kazi ya mabango ya sherehe. Wakuu wa mji walitaka mabango makubwa yabandikwe stesheni, sokoni, kwenye maduka, na mengine yapelekwe milimani kwa lori. Juu kabisa neno moja, UHURU, kwa herufi za buti. Baba aliifurahia kazi ile kuliko kazi yoyote. Miaka yote alikuwa amepanga minada ya ng'ombe na matangazo ya dawa za kikohozi, na sasa anapewa neno lile alipange kwa mikono yake. Jioni moja alitueleza kwa vidole: U tatu, H moja, R moja. "Zinatosha kamili," alisema, "kama vile zilikuwa zinasubiri."

Jioni iliyofuata alirudi amechelewa. Alinawa mikono, akakaa, akatazama sahani.

"U moja haipo," alimwambia mama. "Tumepindua chumba kizima."

"Imekwenda wapi?"

"Mzee anasema mle ndani ni mtu mmoja tu anayepika kwa kuni. Anasema Nambole ameitia motoni. Nimemtetea, hanisikii. Kesho Nambole anafungasha."

"Aende wapi?"

"Arudi mkongeni. Aende wapi tena?"

Nambole alikuwa amewahi kutuonyesha mikono yake ilivyochomwachomwa na miiba ya mkonge, na alisema kule hatarudi hata kwa kuburutwa. Nilitaka kusema palepale. Mdomo ulifunguka, nikaomba maji. Baba akanipa yake.

Asubuhi yake niliaga naenda shule, nikafika njia panda na kukata kuelekea stesheni. Nambole alikuwa nje ya kiwanda anakunja mkeka wake. Sufuria yake moja na kopo lake la chai vilikuwa vimeshafungwa kwenye shuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaingiza mkono mfukoni akanitolea fungu la karatasi kama kawaida.

"Haya ndiyo ya mwisho," alisema. "Tengenezea tiara kubwa."

Nililia mpaka kamasi zikachanganyika na machozi. Nikamwambia yote: droo, kanga, tope, kuni, makande. Alichuchumaa akanisikiliza, uso wake hausomeki, zile chale zimetulia.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

Aliusogeza mkeka kando. Kisha akasimama, akapangusa magoti.

"Twende ndani. Nitakusindikiza, ila mdomo utakuwa wako."

Ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mlangoni mpaka kwenye meza ya Babu Miwani. Nilizihesabu. Baba alikuwa kwenye droo zake; aliponiona na sare ya shule akaacha kazi. Nikamwamkia Babu Miwani, nikaanza kusema. Sauti ilikuwa ndogo, akaniambia nirudie. Nikarudia yote mara ya pili, na hiyo ndiyo adhabu kubwa niliyopata maishani.

Babu Miwani alivua miwani ya puani, akavua na ya kwenye paji. Bila miwani alionekana kama mtu mwingine, mzee zaidi. Alimgeukia Nambole, si mimi.

"Nambole, mimi nimekukosea," alisema. "Mbele ya watu nilikutukana, mbele ya watu nasema nimekosa. Fungua mzigo wako."

Nambole aliinamisha kichwa tu.

Nikamtazama baba, nikisubiri mkanda. Wenzangu mnajua, enzi zetu mzazi hakuwa na mkutano na mtoto, alikuwa na fimbo. Lakini baba alikuwa anatazama zile U mbili juu ya meza, na aliposema, alisema kama mtu anayejiongelesha.

"Mabango yanachukuliwa Jumamosi. Na mimi siandiki Uhuru kwa herufi ndogo."

Kisha akamgeukia Nambole, uso umemng'aa ghafla. "Nyinyi Wamakonde si wachongaji?"

"Mimi?" Nambole alishangaa. "Bwana, mimi nimekata mkonge tangu ndevu hazijaota. Sijawahi kuchonga hata mwiko."

Babu Miwani alicheka kwanza, kicheko cha kikohozi, kisha baba, kisha Nambole mwenyewe. Mimi sikuthubutu. Lakini Nambole alipomaliza kucheka aliichukua moja ya zile U, akaigeuza mkononi, akapitisha kidole kwenye kisigino chake. "Nipeni kisu kizuri," alisema. "Na mti mgumu. Nikishindwa, nimeshindwa."

Mti mgumu ulitoka kwa mama. Alipoambiwa kwamba yeye ndiye aliyeiunguza ile herufi, alishika kiuno, akanitazama kwa jicho ambalo bado linanifuata, kisha akaingia jikoni. Akatoka na kinu kilichopasuka, cha bibi yangu wa Suji, alichokuwa amekataa miaka yote kukichanja kuni. Kitako chake kilikuwa kinene na kikavu kama mfupa.

"Kateni hapo chini," alisema. "Na wewe, Upendo, utakaa naye mpaka amalize."

Nikakaa. Siku mbili uani, Nambole na msumeno, kisu na kipande cha chupa cha kulainishia, mimi nashika ubao, napuliza vumbi, naleta chai ya tangawizi. Zile U mbili zilikuwa zimeshapangwa mtamboni, basi baba akatuletea bango la zamani tufuatishe umbo, akatuambia tukumbuke kuligeuza, kwa sababu herufi ya chapa hukatwa kinyume, kushoto kuwa kulia. Tukaitikia ndiyo, ndiyo. Tukasahau. Jioni ya siku ya kwanza baba aliipaka wino akaichapa, na U yetu ikatoka na mguu mnene upande wa mwembamba, mfano wa mtu aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Baba aliketi chini akacheka mpaka machozi. Tangu ile U ilipokosekana nilikuwa sijasikia kicheko chake nyumbani, na nilipokisikia nilijua kwamba nimesamehewa, ingawa hakuna aliyeniambia.

Siku ya pili tulifanya sawasawa. Buti zilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Yale majani yaliyojikunja ndiyo yalimshinda Nambole. Alijaribu pembeni, kwenye kipande kingine, mara nne, yakawa kama minyoo. Mwishowe akaacha, akachonga alichokijua: majani ya mkonge, marefu, yamenyooka, yamechongoka nchani. Baba aliyatazama kwa muda, akasema, "Yaache hivyo hivyo." Ile herufi ilikuwa fupi kidogo kuliko wenzake, kwa hiyo kiwandani baba aliiwekea karatasi chini, moja, mbili, tano, mpaka wino ukashika. Nambole akazungusha gurudumu. Bango la kwanza lilipotoka Babu Miwani alilishika kwa ncha za vidole, akavaa miwani zote mbili kwa pamoja.

Siku ya sherehe bibi alishuka kutoka Suji na kundi la watu wa kanisani kwake, wamevaa nguo zao nzuri, viatu mikononi mpaka walipofika barabara kuu. Uwanja ulijaa, ngoma zikalia, wanafunzi tukaimba mpaka sauti zikakauka. Lakini ninachokiona mpaka leo ni mama, amesimama mbele ya ukuta wa stesheni, anamshika bibi mkono na kumwonyesha bango. Hakujua kusoma lile neno. Alijua herufi moja.

"Ile ya mwisho kabisa," alimwambia bibi kwa Chasu, lugha yetu Wapare. "Ile ni kinu chako."

Bibi aliisogelea, akaigusa, akaangalia kidole kama kimepata wino.

Adhabu yangu ilikuwa hii: mwezi mzima, kila nikitoka shule, kuosha herufi kwa mafuta ya taa na kuzirudisha kila moja kitandani kwake. Baba alidhani ananiadhibu. Mimi nilijifunza kusoma kinyumenyume, nikajua kupanga mstari, na mikono yangu ikanuka kama ya kwake. Wasichana wa rika langu walinionea huruma. Wangejua!

Baadaye mambo yalibadilika, kama mnavyojua. Babu Miwani alizeeka, akafunga kiwanda akahamia kwa wanawe. Mtambo ulipakiwa kwenye lori, na droo zote pamoja nao, na baba hakuuliza zinakwenda wapi. Miaka ya Ujamaa ilipofika baba alifundisha kisomo cha watu wazima, na mwanafunzi wake mbishi kuliko wote alikuwa mama. Siku aliposoma gazeti ukurasa mzima alitunyima chakula mpaka amalize. Nambole alikwenda kwenye kijiji kipya cha bondeni, akapewa shamba, akaoa, akalima mahindi. Hakuchonga tena kitu chochote.

Nilimtembelea nikiwa nimeshakuwa mwalimu, nina watoto wawili. Nikamuuliza swali nililolibeba miaka yote: kwa nini siku ile hakunikasirikia?

"Nani alikuambia sikukasirika?" alisema. "Nilikasirika sana. Nilitaka kukuzaba vibao. Halafu nikaona miguu yako inatetemeka, na bado umesimama. Nikasema, huyu amekuja mwenyewe. Basi."

Leo mjukuu wangu ana simu, na ndani yake kuna herufi za kila namna, hata za buti. Anatengeneza kadi ya harusi akiwa amelala chali, dakika mbili. Akipongeza mtu anaandika U ishirini mfululizo, "hongera kwenuuuuu," na hazimwishii. Ninamcheka, naye ananicheka ninavyopapasa kioo kwa kidole kimoja kama ninayetafuta kiroboto.

Lakini kuna jambo moja ambalo hawa vijana wametuzidi, na lazima nilikubali. Wanajua kusema asante. Wanaisema kwa kupewa chumvi, kwa kufunguliwa mlango, kwa kila kitu, mpaka wakati mwingine inachosha. Sisi hatukuzoea kumwambia mzazi asante kwa mdomo. Tuliteka maji, tuliosha vyombo, tulidhani wanaelewa. Baba, mama na Nambole wote wamelala sasa, baba na mama juu milimani, Nambole kule bondeni, na sikumwambia hata mmoja wao. Kwa hiyo jana, mjukuu wangu aliponiletea chai na mimi nikamshukuru, akaniuliza mbona nimemshukuru mara tatu kwa kikombe kimoja. Nikamwambia anywe ya kwake, itapoa.